Mfano Katika Hoja za Mwalimu Nyerere

Marehemu Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alisoma Tabora, Makerere na Edinburgh, kisha akafundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, hadi mwaka 1955 alipoacha ualimu kwa ajili ya TANU. Baadaye aliishi Magomeni.

Hayo yajulikana. Sisi twapenda kutazama jinsi alivyojenga hoja. Katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962 alidai kwamba katika jamii zetu za jadi kila mtu alikuwa mfanyakazi. Dai la namna hiyo likitupwa barazani, Temeke au Kinondoni, huzua kelele tu, kwani kila mmoja hulielewa apendavyo. Yeye alilitolea mfano wa mgeni: siku mbili hukirimiwa, siku ya tatu hupewa jembe. Msikilizaji asiyesoma falsafa aliweza kuupima mfano huo kwa aliyoyaona kwao, hata kuupinga. Mwanafunzi akiuliza kama bibi kizee naye alipewa jembe, mwalimu asimkemee. Mfano umeanza kufanya kazi.

Hata hivyo, mfano hulieleza dai, hauthibitishi kila linalojengwa juu yake. Mgeni yule alikuja kwa hiari. Kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini, wengi wao kwa nguvu. Wanafunzi wetu huukariri mfano wa mgeni katika mitihani bila kuigusa tofauti hiyo.