Agathe Uwilingiyimana, mwalimu aliyefuta mgawo wa kikabila shuleni

Mzazi wa Niboye, jijini Kigali, anayesubiri alama za mtihani wa mwanawe, ana deni kwa mwalimu wa kemia. Agathe Uwilingiyimana, aliyezaliwa mwaka 1953, alifundisha Butare, na huko akaanzisha chama cha akiba na mikopo cha watumishi wa shule. Alipokuwa waziri wa elimu mwaka 1992, nafasi za sekondari na fedha za masomo zilitolewa kwa kufuata kabila na mkoa. Aliufuta mgawo huo, alama ziamue. Hazina ilikuwa haba, tena wakati wa vita, lakini kidogo kilichokuwapo kilistahili kumfikia aliyefaulu. Wengi walimchukia kwa hilo. Julai 1993 akawa waziri mkuu, mwanamke wa kwanza nchini. Tarehe 7 Aprili 1994 wanajeshi walimuua pamoja na mumewe. Watoto wao walinusurika.