Albert Coons

Albert Hewett Coons (28 Juni 1912 – 30 Septemba 1978) alikuwa daktari na mtaalamu wa imunolojia, yaani elimu ya kinga ya mwili, kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kubuni mbinu ya kuunganisha kingamwili na rangi ing'aayo, ili mahali palipo bakteria, virusi au vimelea ndani ya tishu paonekane chini ya hadubini. Mbinu hiyo huitwa imunofluoresensi.

Kabla yake madaktari waliweza kupima damu na kujua kwamba mwili wa mgonjwa umewahi kupambana na maradhi fulani. Lakini wakiwa na kipande cha ini au cha ubongo mezani, hawakuweza kumtambua adui mwenyewe isipokuwa pale umbo lake, au namna alivyopokea rangi za kawaida za maabara, lilipomtofautisha na vitu vingine.

Maisha ya awali

Coons alizaliwa Gloversville katika jimbo la New York, mji uliopata jina lake kutokana na viwanda vya glovu. Alisoma Williams College hadi mwaka 1933, kisha akajiunga na Shule ya Tiba ya Harvard mjini Boston, alikohitimu udaktari mwaka 1937. Baada ya hapo alifanya kazi katika hospitali za Boston kama daktari kijana.

Wazo la mwaka 1939

Katika majira ya joto ya mwaka 1939 Coons alikuwa Berlin, Ujerumani, wiki chache kabla ya Vita Kuu ya Pili kuanza. Huko alitafakari juu ya homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaofuata maambukizi ya koo yaletwayo na bakteria aina ya streptokoki, na ambao huharibu moyo, hasa wa watoto na vijana. Katika moyo wa mgonjwa huonekana vinundu vidogo vyenye jina la Ludwig Aschoff, Mjerumani aliyevieleza mwaka 1904. Wengi waliamini kwamba vinundu hivyo hutokea pale kingamwili zinapokutana na mabaki ya streptokoki ndani ya moyo. Hakuna aliyekuwa ameyaona mabaki hayo hapo.

Coons aliwaza hivi: kingamwili hushika antijeni yake tu na kuacha nyingine zote, kama ufunguo na kufuli yake. Basi kingamwili ikifungiwa alama inayoonekana, itakwenda yenyewe hadi antijeni ilipo na kubaki hapo. Wazo la kutia kingamwili rangi halikuwa geni kabisa. Mwaka 1934 Mwingereza John Marrack alikuwa ameunganisha rangi nyekundu na kingamwili za bakteria wa homa ya matumbo na wa kipindupindu, na bakteria hao waligeuka wekundu. Ila kiasi cha rangi kinachoweza kubebwa na kingamwili ni kidogo mno, na katika tishu wekundu huo ulikuwa hafifu kiasi cha kutofaa.

Hapa ndipo ulipo mchango halisi wa Coons. Badala ya rangi ya kawaida alichagua kemikali inayong'aa inapopigwa na mwanga wa urujuanimno. Kimulimuli mmoja hatambuliki juani, lakini gizani huonekana kutoka mbali. Vivyo hivyo kiasi kidogo sana cha kemikali ing'aayo huonekana vizuri endapo sehemu nyingine zote za picha ni nyeusi.

Kemia ya Harvard

Aliporudi Boston alielekezwa kwa mwanakemia Louis Fieser wa Harvard, ambaye katika maabara yake Hugh Creech na R. Norman Jones walikuwa tayari wanaunganisha kemikali za aina hiyo na protini kwa ajili ya utafiti wa saratani. Pamoja nao, mwaka 1941 Coons alitoa makala fupi kuonyesha kwamba kingamwili za bakteria wa nimonia, zikiunganishwa na kemikali itokanayo na antrasini, hazipotezi uwezo wa kushika bakteria hao, nao hung'aa.

Tatizo lilijitokeza walipotaka kuingia kwenye tishu. Antrasini hung'aa kwa rangi ya buluu, na tishu za wanyama nazo hutoa buluu yake zenyewe zikipigwa na mwanga huohuo. Kilichotafutwa kikamezwa na kilichokizunguka. Wakahamia kwenye fluoresini, inayong'aa kijani. Kuitengeneza katika hali ya kushikamana na protini kulihitaji gesi ya fosijeni, ileile iliyotumika kama silaha katika Vita Kuu ya Kwanza, hivyo si kila maabara ingethubutu. Mwaka 1942 Coons, Creech, Jones na Ernst Berliner walitangaza kwamba wameona antijeni ya bakteria wa nimonia ndani ya tishu za panya walioambukizwa.

Kazi ikasimama. Coons aliingia jeshini kama daktari na kuhudumu katika eneo la Pasifiki ya Kusini hadi vita vilipokwisha.

Kurudi kazini

Baada ya vita alirudi Harvard, na mwaka 1947 akamwoa Phyllis Watts. Akiwa na Melvin Kaplan aliiboresha mbinu yake, na mwaka 1950 walichapisha maelezo ambayo maabara nyingine ziliweza kuyafuata. Tangu hapo imunofluoresensi ilianza kusambaa.

Mwaka 1954 Coons na Thomas Weller, ambaye alikuwa pia mtaalamu wa magonjwa ya kitropiki, waliitumia kwa virusi vya tetekuwanga kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Katika njia hiyo kingamwili ya kwanza, kutoka damu ya mgonjwa, haina alama yoyote. Alama hubebwa na kingamwili ya pili, inayoishika ile ya kwanza. Faida yake ni kubwa: chupa moja ya kingamwili yenye alama hutosha kupima maradhi mengi. Mwaka 1955, pamoja na Elizabeth Leduc na Jeanne Connolly, Coons alionyesha pia kwamba kingamwili zenyewe hutengenezwa ndani ya seli za plasma, jambo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa limebishaniwa.

Uzalishaji wa rangi ulirahisishwa mwaka 1958, John Riggs na wenzake walipotoa aina ya fluoresini isiyohitaji fosijeni na inayoweza kuhifadhiwa kama unga. Aina hiyo bado inatumika.

Tuzo na kifo

Coons alipata Tuzo ya Lasker mwaka 1959, na mwaka 1962 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani. Swali lake la Berlin lilipata jibu kwa njia ambayo hakuitarajia. Katika miaka ya 1960 Kaplan, akitumia mbinu hiyohiyo, alionyesha kwamba baadhi ya kingamwili za streptokoki hushika pia misuli ya moyo wenyewe. Alama ya kijani iliwaka, lakini si kwenye mabaki ya bakteria yaliyotafutwa.

Coons alifariki tarehe 30 Septemba 1978 akiwa na umri wa miaka 66.

Matumizi kwa vimelea

Katika magonjwa ya vimelea mbinu ya Coons iligusa tatizo la kila siku: vimelea viwili vinavyofanana kwa macho vinaweza kuwa tofauti kabisa kwa madhara. Amiba aitwaye Entamoeba histolytica husababisha kuhara damu na jipu la ini, ilhali Entamoeba coli hukaa katika utumbo bila kudhuru. Mwaka 1954 Morris Goldman wa Marekani alitumia kingamwili zenye fluoresini kuwatambua wawili hao kutoka maabara ya kuotesha. Mwaka 1957 alifanya vivyo hivyo kwa Toxoplasma gondii, na mwaka 1959 yeye na R. K. Carver waliijaribu kwenye vipande vya tishu. Vimelea vya malaria ya binadamu vilifuata mwaka 1961. Njia isiyo ya moja kwa moja ilitumika baadaye pia kutafuta kingamwili za malale na za ugonjwa wa Chagas katika damu.

Toxoplasma ndiyo mfano unaoeleza vizuri kwa nini jambo hili ni la maana. Kimelea hiki hukaa kimya mwilini mwa watu wengi, kikiwa ndani ya vifuko vidogo, na hakiwasumbui. Kinga ikianguka, kama inavyotokea kwa mgonjwa wa UKIMWI asiyetibiwa, hutoka na kushambulia ubongo. Kifuko kizima hutambulika kirahisi, lakini kimelea mmojammoja kati ya seli zilizokufa huonekana kama takataka tu katika rangi za kawaida. Daktari akimkosa, mgonjwa anaweza kufa kwa ugonjwa wenye dawa.

Hata hivyo imunofluoresensi ilikuwa na udhaifu wake. Ilihitaji hadubini maalumu na chumba chenye giza, mng'ao ulififia baada ya muda, na ilifanya kazi vizuri zaidi kwa tishu zilizogandishwa, wakati hospitali nyingi huhifadhi tishu katika fomalini na kuzizamisha katika nta ya parafini. Mwaka 1966 Paul Nakane na Barry Pierce waliweka kimeng'enya cha peroksidesi mahali pa fluoresini. Kimeng'enya hicho huacha rangi ya kahawia isiyofifia, inayoonekana kwa hadubini ya kawaida. Kwa njia ya namna hiyo Frances Conley, Kathryn Jenkins na Jack Remington walionyesha mwaka 1981 Toxoplasma katika vipande vya ubongo vilivyohifadhiwa kwa fomalini na parafini.

Usahihi wa mbinu hutegemea kingamwili yenyewe. Mwaka 1988 J. P. Dubey na wenzake walieleza kimelea kipya cha mbwa, Neospora caninum, kinachofanana mno na Toxoplasma. Mwaka uliofuata kingamwili iliyotengenezwa kwa sungura dhidi ya Neospora iliwezesha kukitambua katika tishu, zikiwemo za zamani zilizokuwa zimehifadhiwa. Baadhi ya mbwa waliokuwa wameandikwa kuwa walikufa kwa toksoplasmosisi walionekana sasa kuwa na Neospora. Kimelea hicho kilijulikana baadaye pia kama sababu kubwa ya ng'ombe kutoa mimba.