George Mikan: Pointi 15 kati ya 18

Kabla hujausoma wasifu huu chukua kalamu na karatasi, kwa sababu ndani yake kuna hesabu. Kosa ninaloliona mara nyingi katika madaftari ya wanafunzi wangu hapa Lupaso ni hili: mtu akiambiwa aandike wasifu, anaanza na tarehe ya kuzaliwa, anamaliza na tarehe ya kifo, na katikati anajaza sifa tupu. Sisi tutaanzia kwenye mchezo mmoja tu.

Ilikuwa tarehe 22 Novemba 1950, katika mji wa Minneapolis, Marekani. Ligi ya mpira wa kikapu ya kulipwa, NBA, ilikuwa bado changa. Wenyeji walikuwa Minneapolis Lakers, mabingwa, na wageni Fort Wayne Pistons. Dakika 48 zilipokwisha, Pistons walikuwa na pointi 19 na Lakers 18. Hakuna mchezo mwingine wa NBA uliowahi kuwa na pointi chache kiasi hicho.

Sasa tazama karatasi ya mchezo. Mtupo wa kawaida ulihesabiwa pointi 2, na mtupo wa adhabu pointi 1. Lakers walifunga mitupo ya kawaida 4 na ya adhabu 10. Zidisha, jumlisha: 18. Pistons nao walifunga ya kawaida 4, lakini ya adhabu 11. Tofauti ni mtupo mmoja wa adhabu. Halafu shuka hadi kwenye mstari wa George Mikan. Ile mitupo 4 ya kawaida ya Lakers yote ni yake, na ya adhabu ni 7. Jumla yake ni 15. Wenzake wote kwa pamoja walipata pointi 3.

Ukigawanya 15 kwa 18 na kuzidisha kwa 100 utapata asilimia 83.3. Mwanafunzi mwenye haraka ataandika kwamba usiku ule Mikan alitamba. Subiri kwanza. Msimu ule alikuwa akipata wastani wa pointi 28.4 kwa mchezo, kwa hiyo 15 ni kama nusu ya kawaida yake. Asilimia ilipanda kwa sababu jumla ilikuwa ndogo. Ni kama karatasi ya mizani ya korosho ambayo mzazi wako huileta nyumbani mwezi huohuo wa Novemba: inasema kilo ngapi, haisemi mvua iliyoangusha maua. Ili kuelewa kwa nini jumla ilikuwa ndogo, ni lazima umjue mtu mwenyewe.

Mikan alizaliwa tarehe 18 Juni 1924 huko Joliet, jimbo la Illinois, katika familia yenye asili ya Kroatia. Alikuwa mrefu kupita kiasi, alivaa miwani mizito, na utotoni alivunjika mguu vibaya akakaa muda mrefu bila kucheza. Kwa muda alisoma seminari akitaka kuwa padri, jambo ambalo sisi majirani wa misheni ya Ndanda hatulishangai. Mwaka 1942 aliingia Chuo Kikuu cha DePaul, Chicago, na hapo akakutana na kocha kijana, Ray Meyer. Wakati huo makocha wengi waliamini kwamba mtu mrefu sana ni mzito na hafai kwa mpira wa kikapu. Meyer alimrukisha kamba, akampeleka kujifunza ngumi na hata kucheza dansi ili miguu iwe myepesi, na kila siku akamtupisha mpira mamia ya mara, mkono wa kulia kisha wa kushoto. Zoezi hilo bado linatumika duniani kote na linaitwa kwa jina la Mikan. (Kama shule yenu ina goli moja tu lililopigiliwa kwenye mti, linatosha kwa zoezi hili.)

Mwaka 1945 DePaul waliifunga Rhode Island State 97 kwa 53. Mikan peke yake alipata 53, sawa na timu nzima ya wapinzani.

Alijiunga na Lakers mwaka 1947. Akiwa na sentimita 208 na jezi namba 99, aliwapa ubingwa mara baada ya mara hadi 1954. Ndiyo maana Pistons walipofika Minneapolis waliona njia moja tu: wasimpe mpira. Sheria haikuwa na kikomo cha muda, basi walisimama mbali na kikapu, wakaushika na kuuzungusha huku watazamaji wakizomea. Timu zote mbili zilitupa mitupo ya kawaida 31 tu. Gawanya sekunde 2,880 za mchezo kwa 31: mtupo mmoja kila sekunde 93. Katika robo ya mwisho Pistons walipata pointi 3, Lakers 1. Larry Foust wa Pistons alifunga kikapu cha ushindi zikiwa zimebaki sekunde chache.

Walioendesha ligi waliogopa. Nani angelipa kiingilio kutazama watu wamesimama? Mwaka 1951 eneo lililo chini ya kikapu, ambamo mshambuliaji haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde 3, liliongezwa upana kutoka futi 6 hadi 12 ili kumsogeza Mikan mbali. Halikuwa jibu kwa wanaoficha mpira. Jibu lilikuja mwaka 1954, pale Danny Biasone, mmiliki wa timu ya Syracuse, alipokadiria kwamba mchezo mzuri una mitupo 120. Gawanya tena: 2,880 kwa 120 ni 24. Tangu hapo timu ina sekunde 24 za kutupa. Wastani wa pointi za timu ulipanda kutoka 79.5 hadi 93.1 katika msimu mmoja.

Mikan alikuwa amekwisha kustaafu. Alirudi kwa muda mfupi msimu wa 1955–56, lakini mchezo ulikuwa wa mbio, naye magoti yalikuwa yamechoka. Aligombea ubunge mwaka 1956 akashindwa, akafundisha Lakers bila mafanikio, akafanya kazi ya uanasheria. Mwaka 1967 alikuwa kamishna wa kwanza wa ligi mpya ya ABA, iliyotumia mpira wa rangi nyekundu, nyeupe na bluu, pamoja na mstari wa pointi 3.

Uzeeni kisukari kilimshika, akakatwa mguu, akawa anasafishwa damu. Wachezaji waliostaafu kabla ya 1965 walikuwa na pensheni ndogo mno, wakati vijana walikuwa wakilipwa mamilioni, na Mikan alidai haki yao hadi mwisho. Alifariki tarehe 1 Juni 2005, Scottsdale, Arizona, akiwa na miaka 80. Gharama za mazishi yake zililipwa na Shaquille O'Neal, mchezaji mwingine mrefu aliyewahi kuwapa Lakers ubingwa.