Ibn Sina na Maradhi ya Tumbo

Abu Ali Ibn Sina alizaliwa karibu na Bukhara mwaka 370 Hijria (980), na alipofika miaka kumi alikwisha kuhifadhi Qur'ani. Hayo mnayajua. Leo tunawasimulia habari ya tumbo.

Shams al-Dawla, mtawala wa Hamadan, alishikwa na msokoto mkali wa utumbo mpana, ambao Waarabu huuita qulanj. Ibn Sina alimtibu akapona, naye akafanywa waziri. Maradhi hayo aliyaandikia risala nzima.

Miaka mingi baadaye, akiwa vitani pamoja na mtawala wa Isfahan, yakampata mwenyewe. Kwa kuogopa kuachwa nyuma, alijitia dawa kwa bomba mara nane katika siku moja. Utumbo una ngozi laini ndani, nayo haistahimili pupa hiyo, ukafanya vidonda. Kisha tabibu aliyemhudumia akazidisha mbegu za seleri kuliko alivyoagizwa. Mwanafunzi wake al-Juzjani, aliyeandika maisha yake, hakujua kama ilikuwa kusudi au makosa.

Alipoona nguvu zimekwisha, aliacha kujitibu. Alifariki Hamadan, Ramadhani 428 (1037), akazikwa huko.