Mary Carpenter na Siku Kumi na Nne

Mwezi huu, wasomaji wapenzi, tunawaletea habari za Bibi Mary Carpenter wa Uingereza. Hakuwa wa kanisa letu. Baba yake alikuwa mchungaji wa Waunitari, ambao hawakiri Utatu Mtakatifu. Hata hivyo kumbukumbu yake imewekwa ndani ya Kanisa Kuu la Anglikana la Bristol, nasi twaona ni haki.

Alizaliwa Exeter mwaka 1807, akakulia Bristol, akawa mwalimu. Mwaka 1846 alifungua shule ya bure katika mtaa wa Lewin's Mead kwa watoto wasiotakiwa kwingine: wachafu, wenye kuvaa matambara, wengine wadokozi. Siku hizo mtoto aliyeiba aliweza kufungwa gerezani pamoja na watu wazima, naye akatoka amejua wizi kuliko alivyoingia. Sisi tuliofundisha hatushangai. Mtoto humwiga upesi yule anayelala naye chumba kimoja.

Mwaka 1851 Bibi Carpenter alitoa kitabu, akitaka watoto hao wapelekwe katika shule za maadilisho, kama tunavyoziita hapa Tanzania, ambako tunayo ile ya Irambo, Mbeya. Hakungoja serikali. Mwaka 1852, pamoja na rafiki zake, alianzisha shule ya namna hiyo Kingswood, katika majengo yaliyokuwa ya shule ya John Wesley. Mwaka 1854 akafungua nyingine ya wasichana, Red Lodge, katika nyumba iliyonunuliwa na Lady Byron, mjane wa yule mshairi. Aliamini kwamba mtoto mkosaji amekosa malezi kwanza, na kwamba hatengenezwi kwa woga bali kwa kazi, masomo na mtu wa kumpenda.

Mwaka huohuo wa 1854 Bunge lilipitisha sheria ya kuwapeleka wakosaji wa chini ya miaka 16 katika shule hizo. Hapo angeweza kushangilia, lakini sheria ilitiwa sharti: mtoto akae kwanza gerezani siku zisizopungua 14. Wakubwa walitaka aonje adhabu kabla ya kusaidiwa, tena walichelea kwamba wazazi maskini wangeona wizi umekuwa njia ya kupata shule. Bibi Carpenter alilipinga sharti hilo. Kwake siku hizo 14 zilitosha kumtia mtoto alama ya mfungwa na kumkutanisha na wale wale alioepushwa nao.

Hakuolewa, mwaka 1858 alichukua binti mdogo akamlea kama wake. Alikwenda India mara nne, akashughulikia shule za wasichana na hali ya magereza.

Alifariki Bristol tarehe 14 Juni 1877, sharti lile likiwa bado katika sheria. Mwaka 1893 mahakama ziliruhusiwa kuliacha, na mwaka 1899 likafutwa kabisa.