Petrus Camper: Msee Aliyepima Nyuso kwa Digrii, Dunia Ikaharibu

Ukishuka mathree pale Kamukuywa, kabla ufike kwa mama wa mahindi choma, ushasomwa sura. Huyu Mbukusu, huyu Msabaoti, yule ametokea Turkana kupitia Kitale. Tunacheka tu, yanaisha. Lakini kuna msee alijaribu kufanya hii kitu hesabu, na ikatokea noma.

Anaitwa Petrus Camper. Alizaliwa Leiden, Uholanzi, 1722. Buda alikuwa kichwa: daktari, profesa Amsterdam na Groningen, na kuchora pia alijua. Alipasua orangutani na kifaru aone ndani kuko aje. Hata aliandika kuhusu kiatu poa kinafaa kukaa vipi.

Stori ya nyuso ilianzia kwa picha. Camper aliona wachoraji wa Ulaya wakitaka kuchora Mwafrika wanachora tu Mzungu, halafu wanampaka rangi nyeusi. Akachukua mafuvu, akapiga mistari miwili: mmoja kutoka tundu la sikio hadi chini ya pua, mwingine kutoka paji la uso hadi pale taya la juu limetokeza. Zinapokutana ndio pembe ya uso. Orangutani alimpa digrii 58, Mwafrika 70, Mzungu 80, sanamu za Wagiriki hadi 100.

Cheki hapo: namba ya juu ni ya jiwe, si ya mtu. Hiyo ni ladha ya mchoraji. Camper mwenyewe alishikilia kwamba watu wote ni ukoo mmoja, na Adamu angeweza kuwa mweusi ama mweupe, haina shida. Kosa lake ni kupanga mafuvu kwa laini moja, nyani upande huu, Mzungu upande ule.

Alidedi 1789. Mwanawe akachapisha kazi hiyo 1791, wabaguzi wakaishika wakaifanya ngazi: pembe kubwa, akili kubwa. Uongo mtupu. Uso wa mtoto mchanga uko wima kuliko wa babake, mbona hafundishi chuo? Pembe inaonyesha tu paji na taya vimekaaje, na hata ndugu wa tumbo moja hawafanani.

Ila uongo ulitufikia. Miaka ya 1930 Dkt. Henry Gordon wa Mathari, Nairobi, alipima vichwa vya Waafrika akidai akili zetu ni fupi. Hospitali hiyo hiyo ndio baadaye ilimfungia Elijah Masinde wetu. Rwanda nako Wabelgiji walipima pua na nyuso, wakaandika kabila kwa kipande. 1994 watu wakauawa kwa vizuizi vya barabarani juu ya kipande na sura.

Leo pembe za uso zinasaidia daktari wa meno kupanga taya. Hapo sawa kabisa. Lakini siku ingine ukitaka kumsoma mtu sura hapo steji, msalimie kwanza, muulize jina.