Gottlob Frege: Mwanamantiki aliyetikiswa na barua moja

BARUA aliyoiandika Mwingereza Bertrand Russell mnamo Juni 16, 1902 ilimfikia Profesa Gottlob Frege mjini Jena, Ujerumani, wakati juzuu ya pili ya kitabu chake kikuu ikiwa tayari kwa mpiga chapa. Kazi ya zaidi ya miaka 20 ilikuwa hatarini.

Frege alizaliwa Novemba 8, 1848 mjini Wismar, ambako babake aliongoza shule ya wasichana. Alipata shahada ya uzamifu Göttingen mnamo 1873, kisha akafundisha hisabati Jena kwa zaidi ya miaka 40.

Mantiki aliyoikuta ilikuwa ile ya Aristotle. Chukua kauli mbili: kila mtoto ana mama, na yuko mama mmoja wa watoto wote. Hata mtoto anajua kwamba ya kwanza ni kweli na ya pili ni uongo, ila mantiki ya kale haikuwa na njia nzuri ya kuonyesha tofauti hiyo. Katika kitabu chembamba cha 1879, Frege alibuni alama zilizoitatua. Wenzake waliziona ngeni, wakampuuza.

Shabaha yake ilikuwa kuthibitisha kwamba hesabu zote huchipuka kutokana na mantiki pekee. Alishikilia, nami naona alikuwa sahihi, kwamba sheria za mantiki si mazoea ya akili. Zingekuwa kweli hata pasipo mtu wa kuzifikiri.

Mojawapo ya sheria alizozitegemea iliruhusu sifa yoyote iunde seti. Russell akauliza: je, seti ya seti zote zisizojijumuisha, yenyewe inajijumuisha? Ukijibu ndiyo, basi haijijumuishi, ukikana, inajijumuisha. Frege alikiri kasoro hiyo siku chache baadaye, akaieleza katika kiambatisho cha juzuu ya 1903. Ni wasomi wangapi wangethubutu? Tiba aliyoipendekeza, hata hivyo, haikufua dafu, na mwaka uliofuata mkewe, Margarete, alifariki.

Mnamo 1911 Ludwig Wittgenstein alimtembelea, naye akamshauri aende kwa Russell, Cambridge. Rudolf Carnap alihudhuria mihadhara yake. Shajara yake ya 1924, kwa upande mwingine, imejaa chuki dhidi ya Wayahudi, doa ambalo wanaomsifu hawapaswi kulifunika.

Alifariki Julai 26, 1925 huko Bad Kleinen. Miswada aliyomwachia Alfred, mwanawe wa kulea, ilihifadhiwa baadaye mjini Münster, ambako mingi iliteketea katika mashambulizi ya mabomu mwaka wa 1945. Nakala za baadhi yake zilisalia.